Kuhesabu “Hapana”: Maktaba ya Chuo Itajuaje Kitabu cha Kununua?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anafika kaunta. “Shikamoo mama. Kile kitabu cha takwimu za biashara kipo?” “Marahaba. Nakala zote zimechukuliwa mwanangu, jaribu Alhamisi.” Anageuka, na akielekea mlangoni anapita rafu baada ya rafu za vitabu ambavyo vumbi lake peke yake linakueleza havijashikwa miaka mingi. Swali analotoka nalo ndilo wanalouliza pia wazazi, wahadhiri na wakaguzi, kila mmoja kwa namna yake: kwa nini maktaba imejaa vitabu, lakini kitabu kinachotakiwa hakipo?

Jibu la haraka ni kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Lakini uhaba wa fedha unaeleza kwa nini vitabu ni vichache; hauelezi kwa nini hizo chache zilizopatikana zilinunua vitabu visivyosomwa. Sura hii inashughulika na hilo la pili.

Kitabu kimeingiaje humu ndani?

Vitabu huingia maktaba ya chuo kwa milango michache. Upo mlango wa wahadhiri, wanaoombwa orodha zao mara moja kwa mwaka. Fomu hizo hujazwa na wenye bidii ya kujaza fomu, kiasi kwamba idara yenye mhadhiri mmoja mwenye ari huweza kuwa na rafu nene kuliko idara yenye wanafunzi mara tatu yake. Upo mlango wa wauzaji na katalogi zao. Upo mlango wa ithibati: kozi mpya inakaribia kukaguliwa, na chuo kinanunua vitabu kwa pupa ili idadi itimie kabla wageni hawajafika.

Na upo mlango wa misaada. Book Aid International ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1954, na Books For Africa ya Minnesota, Marekani, iliyoanza mwaka 1988, zimeleta barani mwetu vitabu kwa mamilioni, na viko vyuo ambavyo bila misaada ya namna hiyo visingekuwa na maktaba ya kuonyesha. Hata hivyo kitabu cha bure nacho kina gharama zake. Lazima kiorodheshwe, kibandikwe namba, kipewe nafasi, kipanguswe. Kisiposomwa, gharama hizo zimekwenda bure.

Mtu aweza kupita milango yote hiyo asikutane na swali moja rahisi: je, vile tulivyonunua mwaka juzi vimesomwa?

Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, swali hilo liliulizwa bila huruma. Allen Kent na wenzake walifuatilia vitabu vilivyoingia maktabani mwaka 1969, wakahesabu ni vingapi vilikuwa vimeazimwa hadi mwisho wa mwaka 1975. Ripoti yao ya mwaka 1979 ilionyesha kwamba karibu asilimia 40 havikuwa vimeazimwa hata mara moja. Walikwenda mbali zaidi. Kitabu kilichomaliza miaka miwili ya kwanza bila kuazimwa kilibaki na nafasi moja kati ya nne ya kuazimwa maishani mwake. Kilichomaliza sita, moja kati ya hamsini.

Anayedhani hayo ni mambo ya zamani aitazame Cornell, chuo kingine cha Marekani chenye maktaba tajiri. Kamati yake iliripoti mwaka 2010 kwamba zaidi ya nusu ya vitabu vyake vilivyochapishwa kuanzia mwaka 1990, asilimia 55 hivi, havikuwa vimewahi kuazimwa. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa maskini. Tofauti ni kwamba tajiri anaweza kuishi nao.

Data iliyolala kwenye kompyuta ya kaunta

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu maneno matatu.

- *Data* ni kumbukumbu ndogo ndogo zinazoachwa na shughuli za kila siku: kitabu namba fulani kimetoka tarehe fulani, kimerudi tarehe fulani.
- *Uchanganuzi wa data* ni kuzipanga kumbukumbu hizo mpaka zijibu swali ulilokuwa nalo. Ukizipanga bila swali utapata michoro ya rangi na basi.
- *Uendelezaji wa makusanyo* ni kazi ya mkutubi ya kuamua kipi kinunuliwe, kipi kiongezwe nakala, kipi kihamishwe na kipi kiondoke.

Maktaba nyingi za vyuo vyetu zinazo data tayari. Vyuo vingi vya Tanzania na Kenya vinatumia Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand kuanzia mwaka 1999, ambayo chuo hakilipii leseni. Kila kitabu kinapopitishwa kwenye mashine, Koha inaandika. Shida ni kwamba maandishi hayo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuandika ripoti, ili kupata namba moja kubwa ya “vitabu vilivyoazimishwa”. Namba hiyo humfurahisha au kumhuzunisha makamu mkuu wa chuo, kisha haimsaidii mtu yeyote kununua kitabu.

Kinachosaidia ni kuigawanya. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika chuo fulani, vitabu vya sayansi ya siasa ni asilimia 20 ya vitabu vyote, lakini vinapata asilimia 8 tu ya maazimo. Vitabu vya uuguzi ni asilimia 4 ya vitabu vyote, na vinapata asilimia 15 ya maazimo. Gawanya sehemu ya maazimo kwa sehemu ya vitabu. Siasa inapata 0.4, uuguzi unapata 3.75. Ukipata namba iliyo karibu na moja, rafu inalingana na kazi yake. Ikiwa chini sana ya moja, rafu imelala, na ikiwa juu sana, imeelemewa.

Usikimbilie duka la vitabu bado. Uuguzi umeelemewa, lakini umeelemewa vipi? Mwaka 1969 mtafiti Richard Trueswell alieleza alichokiona katika maktaba: takriban asilimia 80 ya maazimo hutokana na asilimia 20 hivi ya vitabu. Huenda basi mzigo wote wa uuguzi umebebwa na vitabu vitatu vya kiada vinavyogombewa na darasa zima. Kama ni hivyo, dawa ni nakala zaidi za vitabu vile vile. Huenda pia maazimo yametawanyika kwenye vitabu vingi, na wanafunzi wamekwisha kusoma karibu kila kilichopo. Hapo dawa ni vitabu vipya. Namba ni ile ile, 3.75, na manunuzi ni tofauti kabisa.

Kusoma kusikoandikwa popote

Wahadhiri wa Pittsburgh hawakuipokea ripoti ya 1979 kwa shangwe. Walilalamika, pamoja na mengine, kwamba kuazima si kusoma kote: mtu anaweza kukaa mezani, akafungua vitabu sita, akatoka mikono mitupu. Walikuwa na hoja, na kwetu hoja hiyo ina uzito mara mbili.

Fikiria kitabu cha uchumi kinachotolewa kwa saa mbili tu, kisomwe humo humo. Mwanafunzi mmoja anakichukua, anapiga picha sura tatu kwa simu, na kufikia jioni ziko kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Watu wengi wamesoma. Kompyuta imeandika: mtumiaji mmoja. Kabla ya simu janja kazi hiyo ilifanywa na kibanda cha fotokopi nje ya geti, na vibanda hivyo bado vipo. Mkutubi anayeamini maazimo peke yake atadhani darasa hilo halisomi.

Njia ya kulipunguza tatizo hili ni ya zamani na haina gharama. Waombe wasomaji wasirudishe vitabu rafuni wenyewe, waviache mezani. Jioni, kabla ya kuvipanga, vipitishe kwenye mashine kama “vimetumika ndani”. Koha inaruhusu hilo. Kama wafanyakazi ni wachache, ifanyike kwa wiki mbili katika muhula, moja ya kawaida na moja ya karibu na mitihani. Itakupa sura ya jambo, na sura inatosha kwa kazi hii. Za WhatsApp hutazipata, na ni afadhali ukubali hivyo kuliko kuanza kupeleleza makundi ya wanafunzi.

*Kwa ufupi hadi hapa:* maazimo yanaonyesha rafu zipi zimelala na zipi zimeelemewa, ila yanapunguza mno hesabu ya vitabu vinavyosomwa ndani. Na hesabu ya maazimo na ile ya usomaji wa ndani zote ni za vitabu ambavyo maktaba tayari inavyo.

“Hapana” ndiyo yenye habari

Takwimu nilizozitaja mpaka sasa ni za “ndiyo”: msomaji alitaka, akapata. Lakini anayetaka kununua anahitaji zaidi kujua waliotaka wakakosa, na hao kompyuta ya kaunta haiwaandiki. Kitabu ambacho hakipo hakiwezi kuazimwa. Ukinunua kwa kufuata maazimo peke yake, utaendelea kunenepesha masomo ambayo tayari yana vitabu vizuri, na somo ambalo halijawahi kupata kitabu cha maana litaonekana halina wapenzi. Nadhani hapa ndipo vyuo vingi vinapoteleza hata baada ya kuipenda data.

“Hapana” huacha nyayo sehemu kadhaa. Kuna maneno yaliyoandikwa kwenye katalogi ya kompyuta yakarudi bila jibu. Kuna foleni za kuwekeana zamu kwa kitabu kilichoazimwa. Kuna makala za kielektroniki zilizokataa kufunguka kwa sababu chuo hakijalipia. Kuna maombi ya kuazima kitabu kutoka maktaba ya chuo kingine. Na kuna ile ya mdomo, pale kaunta, inayopotea hewani pindi mwanafunzi anapogeuka.

Thamani ya nyayo hizi si nadharia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ilianza mwaka 2000 kununua baadhi ya vitabu ambavyo wasomaji walikuwa wameomba viazimwe kutoka maktaba nyingine. Badala ya kuazima na kurudisha, walinunua, mwombaji akasoma, kitabu kikabaki. Baadaye walipolinganisha, vitabu vilivyonunuliwa kwa njia hiyo vilikuwa vimeazimwa tena na watu wengine zaidi ya vile vilivyochaguliwa kwa utaratibu wa kawaida. Anayedhani wanafunzi hawajui wanachohitaji atalazimika kueleza matokeo hayo.

Lakini si kila “hapana” ni amri ya kununua. Ukikaa na orodha ya maneno yaliyokosa jibu, utaona inajigawa yenyewe.

Fungu la kwanza ni la vitabu vilivyopo ila havionekani. Mwanafunzi ameandika jina la mwandishi kwa kukosea herufi moja. Au ameandika “uzazi wa mpango”, wakati vichwa vya mada kwenye katalogi vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mashine inamjibu hakuna kitu, na mita kumi kutoka alipokaa kuna rafu nzima. Fungu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani katika nchi ambazo msomaji anafikiri kwa Kiswahili na katalogi inafikiri kwa Kiingereza. Dawa yake si kununua. Ongeza maneno ya Kiswahili kwenye kumbukumbu za vitabu, na kitabu kilichonunuliwa zamani kitaanza kupata wasomaji bila senti moja kutoka.

Fungu la pili ni la vitabu vilivyopo ila havitoshi, au vinavyosomeka vipo kumbe vilipotea zamani. Hapa foleni za zamu ndizo zinazosema. Fungu la tatu ni la vitabu ambavyo kweli havipo. Hili ndilo la kupeleka kwa muuzaji, na kwa kawaida ni dogo kuliko orodha uliyoanza nayo.

Kwa ile “hapana” ya mdomo, nashauri daftari. Daftari la kawaida la kurasa 96, lenye safu tatu: tarehe, kitu kilichoulizwa, na kozi ya muulizaji. Safu ya jina isiwepo. Anayehudumia kaunta aandike kila anaposema hakipo. Siku za mwanzo atasahau, kisha atazoea.

Majarida na vifurushi vyake

Kwenye majarida ya kielektroniki mambo ni mazito zaidi kwa sababu fedha ni nyingi na ni za kigeni. Wachapishaji wakubwa huuza majarida mamia au maelfu kwa mkupuo. Ni kama bando la simu lililojaa dakika za kupiga nchi ambazo huna ndugu: bei ya kila dakika inaonekana ndogo mpaka uulize umezungumza ngapi.

Ili kuuliza, lazima kuwe na kipimo cha pamoja. Zamani kila mchapishaji alihesabu matumizi kwa mtindo wake. Mwaka 2003 ulitoka mwongozo wa kwanza wa COUNTER, mpango wa kimataifa wa wakutubi na wachapishaji, unaoweka kanuni moja ya kuhesabu. Toleo lake la tano, lililoanza kutumika mwaka 2019, lilirekebisha dosari moja kubwa: msomaji aliyefungua makala kwenye skrini kisha akaipakua aliweza kuhesabiwa mara mbili. Sasa ipo namba inayomhesabu mara moja. COUNTER pia hutoa ripoti ya waliokataliwa, yaani makala zilizobofywa na chuo hakina haki nazo. Ile “hapana” yetu, imeandikwa tayari. Ajabu ni kwamba ripoti hiyo hupakuliwa kwa nadra.

Hesabu ya msingi ni gharama kwa kila usomaji. Mfano wa kubuni tena: jarida la dola 3,000 kwa mwaka likifunguliwa mara 15, kila usomaji umegharimu dola 200. La dola 800 likifunguliwa mara 400, ni dola 2. Mwaka 2020 mfumo wa vyuo vikuu vya Jimbo la New York, SUNY, ulifanya uchambuzi wa aina hii na kuchanganya habari ya makala zinazopatikana bure kihalali. Uliachana na kifurushi cha mchapishaji Elsevier, ukabaki na majarida 248, na kuokoa mamilioni ya dola kwa mwaka.

Vyuo vyetu mara nyingi havinunui vikiwa peke yao. Kenya kuna KLISC na Tanzania kuna COTUL, miungano ambamo maktaba hujadili bei na kuchangia kwa pamoja. Namba za matumizi zikikusanywa chini ya mwavuli huo, mezani mbele ya mchapishaji zina nguvu kuliko malalamiko. Halafu kuna mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 na machapisho ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, ambayo taasisi za Tanzania huyapata bila malipo. Hapo gharama si hoja. Matumizi yakiwa madogo, tafuta sababu nyingine kwanza: huenda neno la siri liko kwenye droo ya mtu mmoja.

Kisichoguswa, na kinachoguswa mno

Mtu akishaipenda namba hujaribiwa kuondoa kila kilicholala. Hapo mkutubi lazima akatae. Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna sehemu ya East Africana, inayohifadhi machapisho na kumbukumbu za ukanda huu. Kijitabu cha ushirika wa mazao cha miaka ya 1960 kinaweza kukaa miaka kumi bila msomaji, kisha mtafiti mmoja akakihitaji na asikipate kwingine. Kuna kipimo kingine cha vitu kama hivyo: nani mwingine anacho? Kitabu cha utangulizi wa masoko kilichochapishwa Marekani kiko kila mahali. Riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa mara moja mjini Nairobi au Zanzibar huenda imebaki nakala chache, na maktaba iliyo nayo haina haki ya kuitupa kwa sababu wanafunzi wa mwaka huu hawakuigusa.

Lipo na kosa la upande wa pili, ambalo huzungumzwa kidogo: kitabu kinachosomwa sana na kinadhuru. Hadi mwaka 2015 vitabu vingi vya tiba vilifundisha kwamba mgonjwa wa VVU asubiri kinga yake ishuke kiwango fulani ndipo aanze dawa. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeishi na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri. Kitabu cha kabla ya hapo kikiongoza kwa maazimo katika chuo cha uuguzi, takwimu zitakishangilia. Vivyo hivyo vitabu vya sheria ya katiba ya Kenya vilivyotangulia Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010: kuanzia siku hiyo mahali pake ni kwenye historia, si kwenye rafu ya kiada. Kwa hiyo safu ya mwaka wa kuchapishwa ikae jirani na safu ya maazimo, na kwa masomo ya tiba na sheria isomwe kwanza.

Nani alisoma nini

Jambo hili nalipita haraka, maana jibu lake ni fupi. Kununua vitabu hakuhitaji majina ya wasomaji. Kunahitaji kozi na mwaka wa masomo tu. Mwanafunzi aliyesoma kuhusu ugonjwa wa akili au talaka hapaswi kuonekana kwenye jedwali la mtu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Futa majina kabla faili haijatoka kwenye kompyuta ya kaunta.

Chuo kidogo kianzie wapi?

Mwaka 1927 watafiti wawili wa Chuo cha Pomona huko California, Gross na Gross, walijiuliza maktaba ndogo ya chuo inunue majarida gani ya kemia. Walichukua toleo la mwaka mzima la jarida kuu la kemia la Marekani, wakahesabu marejeo yake zaidi ya 3,600, wakaona ni majarida gani yanatajwa zaidi. Walifanya hivyo kwa kalamu na karatasi. Waligundua pia kwamba mengi ya maana yalikuwa ya Kijerumani, na mwanafunzi asiyekisoma Kijerumani angekwama.

Njia yao inafaa leo kwa badiliko moja. Usihesabu marejeo ya jarida la ughaibuni, maana yatakuletea maswali ya ughaibuni. Chukua tasnifu za uzamili zilizowasilishwa chuoni kwako miaka mitatu iliyopita, soma kurasa za marejeo, weka alama kwenye kila chapisho ambalo maktaba haina. Wanafunzi hao walilipata mahali, kwa fedha zao au kwa rafiki aliye chuo kingine. Orodha hiyo, daftari la kaunta, na ripoti moja ya Koha iliyogawanywa kwa masomo zinatosha kwa kikao cha kwanza cha kamati ya manunuzi.

Kwenye kikao hicho mkuu wa idara mmoja atasimama na kusema kozi yake ya akili mnemba inaanza Oktoba, haina historia ya maazimo, haina tasnifu, wala hakuna aliyewahi kuulizia kitabu chake kaunta. Atakuwa na haki. Data ni ya jana, na kozi mpya haina jana. Mimi ningetenga robo ya bajeti kwa maombi ya namna hiyo, yaamuliwe kwa hoja za wanaojua somo, na vitabu vyake viwekewe alama kwenye mfumo ili baada ya miaka miwili vifuatiliwe kimoja kimoja, pamoja na jina la idara iliyoviomba.